Stendi ya chuma ya tangi la samaki la lita 540, Mbezi Beach: shajara ya mradi

8 Februari 2025: hesabu

Tangi lenyewe limeshagundishwa: kioo cha milimita 12, urefu sentimita 150, upana 60, kimo 60. Watakaokaa ndani ni mbuna wa Ziwa Nyasa, samaki wa kwenye miamba, kwa hiyo mawe yatakuwa mengi. Mawe ndiyo watu wengi husahau kuyaweka kwenye hesabu.

Kioo kina kilo 2.5 kwa kila mita ya mraba kwa kila milimita ya unene. Vipande vitano vya tangi hili ni mita za mraba 3.42, kwa hiyo kioo peke yake ni kilo 103. Maji yakifika sentimita 54 ni lita 459, lakini mchanga kilo 50 na mawe kilo 60 vinachukua nafasi ya lita 42 hivi, zinabaki lita 417. Kioo, maji, mchanga na mawe: kilo 630. Mfuniko, taa na vidogovidogo, kilo 15. Stendi na ubao wake, kilo 50 na ushei. Sakafu itabeba kilo 700, na hizo 700 tumezitumia pia kupigia hesabu ya stendi ili ibaki akiba kidogo.

Uzito huo umekaa kwenye mita ya mraba 0.9, sawa na kilo 780 kwa mita ya mraba. Sakafu ya ghorofa ya makazi kwa kawaida husanifiwa kwa kilo 150 hadi 200 kwa mita ya mraba, zikiwa zimesambaa chumba kizima. Tangi moja haliangushi jengo, ila ukikaa ghorofani muulize mhandisi kwanza, na uliegemeze ukutani juu ya boriti, usiliweke katikati ya sebule. Hapa nyumba ni ya chini, zege limelala juu ya kifusi, tukaona sakafu haina neno. Lilikuwepo, lakini lilijitokeza mwezi uliofuata.

Mbao tulizifikiria. Stendi ya mbao inabeba uzito huu bila taabu, lakini mbao za paini za Mafinga zinazofika mjini mara nyingi bado mbichi. Ukizifunga na maji yake zinakaukia kwenye stendi na kujisokota. Mninga au mkongo mkavu ungetushinda bei. Na mchwa wa Dar hawana adabu. Tukaamua chuma: bomba za skwea 50×50, unene milimita 2.

Sababu ya kuweka mguu wa kati ni hii. Boriti ya mbele ikiachwa wazi sentimita 140, kwa mzigo huu inanepa karibu milimita 3.9. Ukipachika mguu katikati, nafasi inakuwa 70 na kunepa kunashuka hadi milimita 0.24. Nafasi ikigawanywa mara 2, kunepa kunagawanywa mara 16. Bomba nene zaidi lisingekupa faida kama hiyo kwa bei ya kipande cha sentimita 65.

Mguu huo una gharama yake, na ni vizuri uijue kabla hujachomelea: milango miwili inayobaki ina upana wa sentimita 67.5 tu. Anayetaka kuweka tangi la kuchujia la sentimita 80 au 90 chini ya stendi hataliingiza kwa mbele. Sisi tunatumia chujio mbili za mtungi, zinapita. Wewe ukitaka tangi la chini, fanya mguu wa mbele wa kati uwe wa kufungwa kwa bolti, au liingize kupitia ubavuni.

15 Februari: kununua na kukata

Vipande vinavyohitajika:

- sentimita 150, vinne (boriti ndefu za juu na chini, ncha zikikatwa nyuzi 45)
- sentimita 60, vinne (boriti fupi, ncha nyuzi 45)
- sentimita 65, sita (miguu)
- sentimita 50, vitatu (vya kukatiza: viwili juu, kimoja chini)

Jumla mita 13.8. Bomba tatu zinatosha na kubaki. Tulizinunua Gerezani, shilingi 58,000 moja, na kirikuu (kigari cha mizigo) hadi Mbezi 25,000.

Kosa la kwanza liko kwenye karatasi. Tulipanga bomba la kwanza litoe vipande vinne vya 150, kwa kuamini kwamba bomba ni mita 6. Hata kama lingekuwa mita 6 kamili, mpango ulikuwa mbovu, kwa sababu diski ya grainda inakula milimita 2 hadi 3 kila inapopita. Bomba zetu zilikuwa mita 5.8. Hilo tuliligundua baada ya kukata vipande vitatu na kubaki na 130 mkononi. Bahati nzuri 130 hiyo ilitoa vipande viwili vya 60, na kipande cha nne cha 150 kikatoka bomba la pili. Hatukupoteza chuma. Ila pima bomba dukani kabla hujalipanga, tena pima na unene wake kwa vanieri pale penye ncha. Bomba la kwanza tuliloonyeshwa liliitwa "mbili" na vanieri ikasema 1.6. Tuliomba jingine.

Bomba nyeusi au lenye zinki? Tulichukua nyeusi. Lenye zinki linapinga kutu zaidi, lakini pale unapochomelea zinki inaungua, moshi wake ni mbaya kwa mapafu, na kiungo ndicho kinabaki uchi pale ambapo kutu huanzia.

22 Februari: kuchomelea

Kazi ilifanyika kwenye karakana ya wazi, sakafu ya udongo uliokandamizwa. Hapo ndipo tatizo lilipoanzia, ingawa siku hiyo hakuna aliyeliona.

Fundi alikuja na vijiti vya kuchomelea vya milimita 3.2, vile vya kwenye mageti. Kwenye ukuta wa milimita 2 vilitoboa kiungo cha kwanza papo hapo. Tukanunua paketi ya vijiti vya 2.5 aina ya 6013 (16,000) na mashine ikashushwa hadi ampea 75 hivi. Hapo moto ukatulia. Vitundu viwili vilivyotobolewa vilijazwa na kusagwa.

Fremu ya juu na ya chini ziliwekwa mraba kwa kupima kona kwa kona: kwa 150 kwa 60, mlalo ni sentimita 161.6. Milalo miwili ikilingana, fremu ni mraba, haihitaji guni. Zetu zilitofautiana milimita 1. Kisha miguu, vya kukatiza, na jioni stendi ikasimama.

Fundi aliipiga teke na kusema, "Hii bosi, hata kirikuu linapanda." Kuhusu uzito alikuwa sahihi kabisa.

Kisha tukafunga mishipi miwili ya nailoni juu yake, kila mmoja kutoka kona hadi kona ya mkabala, ikipishana katikati. Kama kona zote nne ziko kwenye bapa moja, mishipi inagusana tu, kama inabusiana. Wetu wa chini ulikuwa umeachana na wa juu milimita 3. Yaani fremu imejisokota. Tukavuta mshipi mwingine sambamba na boriti ya mbele: katikati, juu ya mguu, chuma kilikuwa kimeinuka milimita 6 kuliko ncha zake.

Milimita 6 kwa jicho huzioni. Tangi likikaa hapo linabebwa na katikati tu, ncha zinaning'inia na kilo mia kadhaa za maji, na kioo cha chini kinakuwa ndicho boriti. Tangi linaweza kupasuka usiku bila kuguswa, na si kwa sababu stendi ilikuwa dhaifu. Stendi ilikuwa imara, ila haikuwa bapa.

Malipo ya fundi kwa siku hiyo 100,000. Diski nne, mbili za kukata na mbili za kusaga, 14,000.

1 Machi: kuinyoosha

Kwa nini ilipinda: chuma kilichoyeyuka kikipoa kinasinyaa, na kinavuta upande uliochomelewa. Viungo vya mguu wa kati vilijazwa mfululizo kwa upande mmoja, vikamalizwa moto moto, kisha vya kukatiza vikafuata bila kupoa. Na kwa kuwa chini palikuwa na udongo, hapakuwa na kitu kigumu cha kuishika fremu isijipinde.

Jaribio la kwanza lilikuwa la kivivu: kuweka jeki ya gari chini ya ncha na kuishindilia katikati kwa mnyororo. Ilirudi milimita 2, na ilipoachiwa ikarudi ilikotoka. Usijisumbue.

Kilichofanya kazi:

Tulikata kwa diski viungo vya juu vya miguu miwili ya kati na vya kukatiza viwili vya juu, tukaiacha fremu ya juu ikiwa huru pale. Ilijinyoosha yenyewe nusu ya kosa, ushahidi kwamba ilikuwa imevutwa. Tukageuza stendi juu chini, tukailaza juu ya bomba mbili zilizonyooka zilizopangwa kwenye sakafu ya zege ya baraza na kusawazishwa kwa mpira wa maji, ule mpira mwangavu wa mafundi ujenzi. Fremu ikabanwa kwenye bomba hizo kwa jiriwa sita. Kisha viungo vyote vikashikizwa kwanza kwa nukta tu, vikapimwa tena kwa mshipi, ndipo vikajazwa vipande vya sentimita 2 au 3 kwa zamu: kushoto mbele, kulia nyuma, kulia mbele, kushoto nyuma, na kusubiri mkono uweze kugusa chuma kabla ya kurudi hapo. Ilichukua saa tatu kwa kazi ambayo mara ya kwanza ilikuwa ya dakika arobaini.

Jiriwa ziliachwa zimebana hadi asubuhi. Zilipofunguliwa: mishipi inagusana, boriti ya mbele imeinuka milimita 1, ya nyuma chini ya hapo. Tukasaga viungo vyote vya juu vikawa sawa na uso wa bomba, kwa sababu tuta la kuchomelea lenye milimita 2 chini ya ubao ni sawa na kuweka kokoto.

Tulipokuwa hapo tuliongeza pembetatu nane za bati la milimita 4, pande za sentimita 10, kwenye kona za miguu ya pembeni, juu na chini, upande wa nyuma na mbavuni ambako hazionekani. Stendi isiyo na ukuta wa nyuma inabeba kwenda chini bila shida. Adui yake ni kuyumba kwa ubavu, mtoto anapoegemea au mtu anapoparamia kusafisha. Kabla ya pembetatu, ukiisukuma kichwani kwa mikono miwili ilicheza. Baada yake, unasukuma stendi yote inateleza kwenye sakafu.

Fundi kwa marudio: 30,000. Mabati ya mabaki (pembetatu hizo, na sahani sita ambazo tulizinunua zikae akiba): 22,000.

4 Machi: ubao wa juu

Tulikuwa na kipande cha MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa) ya milimita 18 cha 10,000, na duka moja lilikisifia sana. Kabla ya kukitumia tulikata vipande viwili vya ukubwa wa kiganja, kimoja cha MDF na kimoja cha plaiwudi ya marini ya unene uleule, tukavizamisha kwenye ndoo usiku kucha. Asubuhi vanieri ilisoma MDF milimita 22 na ukingo umefunguka kama mkate uliolowa chai. Plaiwudi 18.5. Stendi ya tangi lazima itamwagikiwa maji, tena wiki ya kwanza.

Karatasi nzima ya plaiwudi ya marini: 88,000. Imetoa ubao wa juu wa 150 kwa 60, na mabaki yanatosha milango. Ukingo wake wote tuliupaka vanishi mara tatu, kwa sababu maji huingilia ukingoni, si usoni.

8 na 9 Machi: jaribio la saruji

Fanya jaribio hili kabla ya rangi, na ulifanye mahali hasa ambapo tangi litakaa. Nyumbani kulikuwa na mifuko ya saruji inayosubiri kazi ya ukuta. Mifuko 14 ya kilo 50 ni kilo 700, uzito uleule wa hesabu. Kwenye ubao wa 150 kwa 60 inakaa mitatu kwa tabaka, matabaka manne, na miwili ya juu. Panga kuanzia katikati kwenda nje, na uweke turubai.

Kupima kunepa kwa chini ya milimita 1 hakuhitaji kifaa cha bei. Weka matofali chini ya boriti, katikati ya mguu na mguu, na juu yake kipande cha chuma bapa hadi ibaki nafasi ndogo. Jaza nafasi hiyo kwa karatasi za A4 za kawaida. Kila moja ni sehemu ya kumi ya milimita hivi. Kabla ya mzigo karatasi 10 ziliingia kwa kubana. Baada ya mfuko wa kumi na nne ziliingia 7, ya nane ikakataa. Milimita 0.3. Hesabu ilisema 0.24, tukaridhika.

Lakini kabla hatujafika 14, kwenye mfuko wa 11, kona ya nyuma kushoto ilitoa mlio kama kijiti kinachovunjwa. Marumaru ilikuwa imepasuka chini ya fremu, mstari mmoja mnyoofu kutoka kona hadi kona.

Tuligonga sakafu kwa mpini wa nyundo. Marumaru nyingine zilijibu kwa sauti nzito. Ile na jirani yake zililia kama debe. Mafundi wengi hupachika marumaru kwa matonge ya saruji, tonge kila kona na moja katikati, kati yake pakabaki hewa. Kwa viti na miguu ya watu haina shida. Pamoja na hilo, fremu yetu ya chini ilikuwa imelala moja kwa moja sakafuni, kwa wazo kwamba itasambaza uzito urefu wote. Sakafu haikuwa bapa, kwa hiyo fremu ililala juu ya sehemu tatu na kuacha nyingine zikielea. Uzito tuliodhani umesambaa sentimita 420 ulikuwa kwenye sehemu tatu, na moja ya hizo ilikuwa juu ya hewa.

Mifuko ikashushwa. Bora saruji kuliko maji.

15 Machi: sakafu na miguu

Marumaru mbili zilizolia zilibanduliwa, chini yake pakajazwa saruji na mchanga bila kuacha pengo, zikapachikwa nyingine zilizobaki tangu nyumba inajengwa. Fundi na vifaa, 20,000. Tukaacha siku saba bila kuweka kitu.

Sahani sita za akiba, sentimita 10 kwa 10 unene milimita 6, zilichomelewa chini ya kila mguu. Sasa inajulikana uzito uko wapi: kila mguu wa kona unabeba kama kilo 65 hadi 90, ile miwili ya kati kilo 175 hadi 220 kila mmoja, kutegemea boriti inavyogawa. Kilo 220 kwenye sahani ya sentimita 100 za mraba ni kilo 2.2 kwa sentimita ya mraba. Marumaru iliyoshiba saruji chini haina neno na hilo. Chini ya kila sahani, raba nyeusi ya milimita 4 (5,000 zote).

Usawa wa sakafu unarekebishwa hapa chini ya sahani, kamwe si juu kati ya tangi na ubao. Kabari zetu ni vipande vya bati la milimita 1. Kadibodi na vipande vya mbao vinalainika vikilowa, na vinalowa upande mmoja tu, kwa hiyo stendi inainama polepole na wewe hujui.

Jaribio la saruji lilirudiwa tarehe 22, mifuko 14, usiku kucha. Hakuna mlio.

23 Machi hadi 5 Aprili: rangi, na mvua

Hapa palihitajika siku tatu, pakala wiki mbili. Masika yalikuwa yameanza.

Chuma kilisuguliwa kwa brashi ya waya na msasa namba 80, kikafutwa kwa thina, kikapakwa praima ya redi oksaidi. Hadi hapo sawa. Koti la kwanza la rangi ya mafuta lilipakwa alasiri barazani, mvua imetoka kukatika na hewa nzito. Kesho yake uso ulikuwa na ukungu mweupe na haukuwa umeshika. Kwa haraka tukapaka koti la pili juu yake. Likakunjamana kama ngozi ya maziwa, hasa kwenye kona ambako rangi ilikuwa nene, kwa sababu la juu lilijifunga wakati la chini bado laini.

Ilibidi kukwangua kona zote hadi kwenye praima. Mara ya pili tulipaka asubuhi saa nne jua likiwa limetoka, nyembamba, na kusubiri siku mbili kamili kati ya koti na koti. Kipimo rahisi: bonyeza ukucha mahali pasipoonekana, ukiacha alama, bado.

Kutoka hapa baharini si mbali, na hewa ya chumvi inakula chuma kwa ndani pia. Vitundu vyote vya kuchomelea vilizibwa kwa silikoni kabla ya koti la mwisho, bomba likawa limefungwa kabisa. Chini ya sahani za miguu tulipaka koti tatu, kwa kuwa hapo maji ya deki yatasimama kila siku.

Praima lita 1, rangi lita 2 na thina: 49,000. Rangi na msasa wa marudio: 15,000.

12 Aprili: kupandisha na kujaza

Ubao umefungwa kwenye fremu kwa skrubu sita zilizotoka chini, vichwa havigusi juu. Juu ya ubao, mkeka wa mazoezi wa milimita 8 (18,000). Upana wake wa sentimita 61 unafunika 60 zetu kwa kupunguza kidogo tu. Mkeka huu unameza milimita 1 ile iliyobaki na chembe za mchanga. Haumezi milimita 6. Anayekuambia sponji itasawazisha stendi iliyopinda anakuuzia sponji. Na kama tangi lako lina fremu ya plastiki iliyoinua kioo cha chini, mkeka usiweke kabisa: litabebwa na fremu ile, na sponji itasukuma kioo kwa chini.

Watu wanne kwa kioo cha kilo 103, mikono chini, hakuna kushika ukingo wa juu.

Pimamaji ilisema sawa kwa urefu na upana. Hatukuiamini peke yake, maana pimamaji ya sentimita 60 haikuonyeshi kujisokota kwa 150. Tulitia maji sentimita 10 tu, tukaacha yatulie, tukapima kwa rula kutoka chini ya kioo hadi uso wa maji katika kona zote nne. Maji hayana upendeleo. Mbele kushoto 100, mbele kulia 101, nyuma kushoto 103, nyuma kulia 103. Kuinama kwenda nyuma milimita 2 hadi 3 kunavumilika, kwa sababu ni kuinama kwa pamoja. Ambacho hakivumiliki ni kona moja peke yake kuwa tofauti. Hata hivyo maji yalikuwa bado machache, tukayanyonya, tukaongeza kabari moja kwa kila mguu wa nyuma, tukapima upya: 100, 101, 102, 102.

Kisha robo, nusu, robo tatu, kujaa, na siku nzima kati ya kila hatua. Mawe yaliingia kwenye nusu, yakilazwa moja kwa moja juu ya kipande chembamba cha plastiki kwenye kioo, mchanga ukafuata baadaye. Ukitanguliza mchanga, mbuna watachimba chini ya jiwe na jiwe litaanguka.

Umeme: soketi iko ukutani juu ya usawa wa ubao, na kila waya unashuka chini ya soketi kabla ya kupanda kwenye plagi, ili tone linalofuata waya lidondoke sakafuni na lisiingie kwenye soketi.

Milango ya plaiwudi iliyobaki, bawaba na sumaku: 12,000. Migongo ya milango imetobolewa matundu ya hewa. Bila hayo, ndani ya stendi panatoka jasho.

Jumla hadi hapa 598,000. Ndani yake 55,000 ni za makosa yetu: marudio ya kuchomelea 30,000, MDF 10,000, rangi 15,000. Marumaru hatukuzihesabu, zingelia siku yoyote.

17 Mei: wiki tano na maji

Mishipi haiwezi kufungwa tena, kwa hiyo tumetumia uso wa maji na ukingo wa kioo: tofauti kati ya kona ni ileile ya milimita 2. Nafasi ya chini ya boriti, kwa karatasi zilezile, bado 7.

Mguu wa kati nyuma una doa la kutu ukubwa wa punje ya mtama, pale sahani inapokutana na bomba. Ni kitundu cha kuchomelea ambacho silikoni haikufika. Tumekikwangua, tukakikausha kwa kikaushia nywele, praima, rangi. Sahani nyingine tano tumezipitia kwa tochi na kioo kidogo cha mkononi, mbili zilikuwa na vitundu vya namna hiyohiyo, bado havijaanza kutu. Vimezibwa. Anayenakili, azibe hapo kabla hajasimamisha stendi: ikishakuwa na maji, mkono hauingii tena nyuma ya mguu wa kati bila kulala sakafuni.